Trei ya kebo inabeba nyaya ngapi? Fanya hesabu hizi 4 kabla ya kununua

Jengo la barafu limejengwa Nyamisati, au ghala la korosho Kibiti mjini. Mashine zimefika, kebo zimeshashushwa, na mwenye mali anauliza swali moja tu: "Fundi, hiyo trei moja itatosha?"

Wengi hujibu kwa macho. Wanaangalia trei, wanaona bado ina nafasi, wanasema inatosha. Shida ni kwamba trei inaweza kuonekana nusu tupu huku kebo zilizomo zikiwa tayari zinaungua polepole. Kwenye jengo la barafu hilo si jambo dogo. Kebo kuu ikifa usiku, kamba na samaki wa watu wanaharibika kabla hakujapambazuka.

Makala hii inakupa hesabu nne za kujua trei yako inabeba kebo ngapi. Unaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu.

Jibu la haraka

Trei haina jibu moja. Ina majibu manne:

1. Nafasi inaruhusu kebo ngapi?
2. Safu moja inaingia kebo ngapi?
3. Uzito unaruhusu kebo ngapi?
4. Joto linaruhusu kebo ngapi?

Fanya zote, kisha chukua jibu dogo kuliko yote. Hilo ndilo jibu lako. Mara nyingi kwa kebo za umeme mkubwa, kinachokwamisha si nafasi. Ni joto.

Tuelewane kwanza: trei ni nini

Trei ya kebo, au "kebo trei" kama mafundi wengi wanavyoiita, ni kitanda cha chuma kinachoning'inizwa ukutani au chini ya paa ili kebo zilale juu yake. Ziko za aina nyingi. Ipo ya bati lenye matundu, ipo ya mfano wa ngazi, ipo ya nyavu za waya, na ipo ya bati zima lisilo na tundu.

Matundu si urembo. Hewa inapita humo na kuondoa joto la kebo. Trei isiyo na matundu inabeba umeme kidogo zaidi hata kama upana ni uleule. Kwenye makala hii tunatumia trei ya matundu.

Kosa la kwanza kabisa: 16 si kipenyo

Ukisikia "kebo ya 16", hiyo ni milimita za mraba 16 za shaba ndani ya kila waya. Si unene wa kebo. Kebo ya nyaya nne za 16, yenye kinga ya nyuzi za chuma na koti la nje, inaweza kuwa na kipenyo cha milimita 24 hivi.

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, tafuta namba tatu kutoka kwenye katalogi ya mtengenezaji wa kebo:

- kipenyo cha nje, kwa milimita
- uzito kwa kila mita, kwa kilo
- ampea inazobeba ikiwa peke yake kwenye hewa

Katalogi ikikosekana, kipenyo pima mwenyewe kwa kalipa. Uzito, kata kipande cha mita moja ukipime kwenye mizani.

Mfano wetu

Tuseme jengo la barafu na chumba cha baridi cha kuhifadhi kamba, pale Nyamisati. Trei ni ya matundu, upana milimita 300, kina milimita 50. Kebo ni za shaba, za aina ya XLPE, zenye kinga ya chuma:

- Kebo 6 za nyaya nne za 16, kwa ajili ya mashine kubwa. Kipenyo milimita 24, uzito kilo 1.4 kwa mita.
- Kebo 8 za nyaya nne za 2.5, kwa feni na pampu. Kipenyo milimita 15, uzito kilo 0.55 kwa mita.

Vipenyo na uzito huu ni vya mfano. Wewe weka vya kebo uliyonunua.

Hesabu ya 1: Nafasi

Eneo la trei ni upana mara kina: 300 × 50 = milimita za mraba 15,000.

Huruhusiwi kujaza lote. Kipimo cha tahadhari ni asilimia 40, yaani 6,000. Kanuni za Marekani zinafika asilimia 50 kwa kebo za kuendeshea mitambo na za mawasiliano kwenye trei ya matundu au ya ngazi, na 40 kwenye trei ya bati zima. Lakini kwa kebo nene za umeme, kanuni hizohizo zinataka safu moja tu.

Eneo la kebo moja ni kipenyo × kipenyo × 0.785.

- Kebo nene: 24 × 24 × 0.785 = 452. Mara 6 = 2,712.
- Kebo ndogo: 15 × 15 × 0.785 = 177. Mara 8 = 1,416.
- Jumla: 4,128.

Hiyo ni kama asilimia 27.5 ya trei. Zimebaki 1,872 kufika kwenye kikomo. Kwa hesabu hii peke yake, unaweza kuongeza kebo nene nne zaidi. Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari na kwenda dukani. Subiri kwanza.

Hesabu ya 2: Safu moja

Kebo za umeme mkubwa zinatakiwa zilale upande kwa upande, bila kupandana. Kwa hiyo jumlisha vipenyo, usijumlishe maeneo:

- 6 × 24 = milimita 144
- 8 × 15 = milimita 120
- Jumla: milimita 264

Trei ina 300. Zimebaki 36. Hapo inaingia kebo nene moja tu, si nne. Tayari jibu limebadilika.

Na kama unataka kuacha nafasi ya kesho, tuseme asilimia 20 ya trei, gawa 264 kwa 0.8. Unapata 330. Maana yake trei ya 300 haitoshi. Chukua saizi inayofuata dukani, ambayo mara nyingi ni 400 au 450.

Hesabu ya 3: Uzito

- 6 × 1.4 = kilo 8.4
- 8 × 0.55 = kilo 4.4
- Jumla: kilo 12.8 kwa kila mita

Kama mabano ya kushikilia trei yako kila baada ya mita 1.5, kila nafasi kati ya bano na bano inabeba 12.8 × 1.5 = kilo 19.2, bila uzito wa trei yenyewe.

Sasa fungua jedwali la mtengenezaji wa trei. Litakuonyesha mzigo unaoruhusiwa kwa kila umbali wa mabano. Ukiona limeandikwa kwa nyutoni, zidisha kilo zako kwa 9.81. Hizo 12.8 zinakuwa nyutoni 126 hivi kwa mita. Kiwango cha kimataifa cha trei, IEC 61537, kinataka trei ikibeba mzigo wake isibonyee katikati zaidi ya sehemu moja kwa mia ya umbali wa mabano. Kwa mita 1.5, hiyo ni milimita 15.

Mzigo ukizidi, si lazima ununue trei nzito. Mara nyingi kusogeza mabano karibu kunatosha. Na trei si ngazi wala jukwaa. Mtu asipande juu yake kufunga taa.

Hesabu ya 4: Joto

Hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayounguza majengo.

Kila kebo inayopitisha umeme inatoa joto. Ikiwa peke yake, hewa inalichukua. Zikilala pamoja, zinapashana. Kwa hiyo kila ukiongeza kebo, uwezo wa zile zilizokuwepo unashuka. Kwetu, ambako umeme ni wa volti 230 na 400, majedwali yanayotumika sana ni ya IEC na ya Uingereza. Kwa kebo zilizolala safu moja zikigusana kwenye trei ya matundu, zidisha ampea kwa:

- kebo 2: 0.88
- kebo 3: 0.82
- kebo 4: 0.77
- kebo 6: 0.73
- kebo 9 au zaidi: 0.72

Halafu kuna joto la mahali. Majedwali yanachukulia hewa ya nyuzi 30. Chini ya paa la bati, mchana wa jua kali wa Pwani, panapita hapo kwa urahisi. Kwa hewa ya nyuzi 40, zidisha tena kwa 0.91 kama kebo ni XLPE, au 0.87 kama ni PVC.

Turudi kwenye mfano. Kebo ya nyaya nne za 16, ya XLPE yenye kinga ya chuma, ikiwa peke yake kwenye hewa inabeba ampea 99. Kwenye trei yetu yenye kebo 14:

99 × 0.72 × 0.91 = ampea 64.9

Yaani kebo uliyonunua kwa ampea 99, hapo inabeba 64 tu. Mashine ikivuta 60 na breka ni ya 63, umepita, lakini kwa tundu la sindano. Kebo ndogo za 2.5 zinashuka kutoka ampea 33 hadi 21 hivi. Breka ya 20 inafaa. Ya 25 haifai.

Je, ukizirundika?

Hapa ndipo palipo na hatari. Kebo hizohizo 14, ukizifunga fungu moja badala ya kuzilaza, hazitumii tena 0.72. Jedwali la mafungu linasema 0.45 kwa kebo 12 na 0.41 kwa kebo 16. Kwa 14, tumia 0.41 ili uwe salama:

99 × 0.41 × 0.91 = ampea 36.9

Sasa angalia. Kebo inaweza 36. Mashine inavuta 60. Breka ni ya 63. Breka haitakata kamwe, kwa sababu kwake ampea 60 ni halali. Huku juu kebo inapikika, siku hadi siku, mpaka koti la ndani linakauka na kupasuka.

Mtu atasema: zile feni ndogo hazivuti kitu. Sawa. Kanuni inakuruhusu kutoihesabu kebo inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake uliopunguzwa. Basi ziondoe zote nane, zibaki 6 kwenye fungu. Kipunguzo ni 0.57, na uwezo unakuwa ampea 51. Bado ni chini ya 60. Hujapona.

Na ukiziachanisha?

Kinyume chake kinashangaza. Chukua zile kebo 6 nene peke yake, acha kati ya kebo na kebo nafasi ya kipenyo kimoja. Upana unaohitajika ni kebo 6 na mapengo 5, yaani 11 × 24 = milimita 264. Upana uleule wa mwanzo! Lakini kipunguzo sasa ni 0.91 badala ya 0.72:

99 × 0.91 × 0.91 = ampea 82

Kumbe trei moja, upana mmoja, kebo ileile, inaweza kukupa ampea 36, 64 au 82, kutegemea umeipangaje. Ndiyo maana ukiulizwa "inabeba ngapi", uliza kwanza "zimelala vipi". Kebo ndogo zipelekee trei yake ya 150 pembeni, na mashine kubwa zipumue.

Mambo ya delta ambayo katalogi haikwambii

Chumvi. Nyamisati na vijiji vya mikoko viko kwenye hewa ya bahari. Trei yenye zinki nyembamba ya kiwandani, hasa sehemu zilizokatwa kwa msumeno, inaanza kutu mapema. Omba trei iliyochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kutengenezwa. Kila unapokata, paka rangi ya zinki. Trei iliyoliwa na kutu haibebi tena ule mzigo uliouona kwenye jedwali.

Maji. Mwaka 2024 mto Rufiji ulifurika na maji yakaingia kwenye makazi na mashamba ya Kibiti na Rufiji. Kabla ya kutoboa ukuta, waulize wenyeji maji yalifika wapi. Trei, viungio na bodi vikae juu ya alama hiyo.

Paa. Usiibandike trei chini kabisa ya bati. Ishushe kidogo, hewa ipite juu na chini. Nyuzi joto chache tu zinabadilisha hesabu ya nne.

Boti. Vijiji vingi vya ndani ya delta vinafikiwa kwa boti. Ukisahau kona moja ya trei au ukinunua upana usiotosha, safari ya kurudi ni siku nzima na mafuta. Hesabu ya dakika kumi kwenye karatasi ni rahisi kuliko hiyo.

Mashine mpya, trei ya zamani

Mto huohuo unaoishia kwenye delta, huko juu unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere: mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Ya kwanza ilianza kutoa umeme Februari 2024. Umeme ukiwepo, watu wanaongeza mashine, na kebo mpya inatupwa juu ya trei ya zamani kwa sababu "nafasi ipo".

Kabla ya kuongeza hata moja:

1. Hesabu kebo zilizopo na upime vipenyo vyake.
2. Pima ampea za kila kebo kwa mita ya kubana, mashine zote zikiwa zinafanya kazi.
3. Rudia hesabu ya nne kwa idadi mpya.
4. Linganisha na breka ya kila kebo, siyo ya ile mpya tu.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa. Kebo mpya inaweza kuwa salama yenyewe, lakini imeipunguzia uwezo ile ya jirani iliyofungwa miaka mitano nyuma.

Maswali yanayoulizwa sana

*Naweza kupitisha nyaya za intaneti na kamera kwenye trei hiyohiyo?*
Bora trei tofauti. Ikishindikana, weka kizuizi cha chuma katikati. Upana wa upande wa umeme ndio utakaoutumia kwenye hesabu.

*Kwenye kona je?*
Kebo haikunjwi kama kamba. Mkunjo wake kwa kawaida unataka nusu kipenyo cha duara isiyopungua mara 6 hadi 8 ya unene wa kebo. Kwa milimita 24 na mara 8, ni milimita 192. Soma ya mtengenezaji, kisha nunua kona inayolingana.

*Trei inahitaji waya wa ardhini?*
Trei ya chuma iunganishwe na ardhi, na kila kiungio kiwe kimeshikana vizuri kiumeme. Kebo ikichubuka, trei isiyo na ardhi inageuka kuwa mtego.

*Inapotoboa ukuta?*
Ziba tundu kwa dawa ya kuzuia moto. La sivyo moto wa chumba kimoja unapita kwenye trei kwenda cha pili.

*Naweza kufanya mwenyewe?*
Hesabu, ndiyo, na kila mwenye mali anapaswa kuielewa. Kufunga, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuandikie hesabu zote nne, uzitunze pamoja na mchoro.

Kabla hujalipa dukani

- Vipenyo vyote vimetoka kwenye katalogi au kalipa, si kwa kukadiria.
- Jumla ya vipenyo haizidi upana wa trei, na akiba ya asilimia 20 ipo.
- Kilo kwa mita zimelinganishwa na jedwali la trei kwa umbali wa mabano yako.
- Ampea zimeshushwa kwa idadi ya kebo na kwa joto la mahali.
- Breka ya kila kebo ni ndogo kuliko ampea zilizobaki.

Mstari wa mwisho ukikataa, una njia tatu: trei pana zaidi, trei ya pili, au kebo nene zaidi. Njia ya nne, kuweka breka kubwa ili "isisumbue", haipo. Breka inayosumbua inakulinda.